Pazia la Makombe ya Bahari

"Konokono zenu zinanuka mpaka ndani ya sufuria yangu!"

Mama Olga alikuwa amesimama kwenye mstari wa mihogo unaogawa ua wake na wetu, kitenge amekifunga kifuani, mwiko mkononi unadondosha maji ya sombe ya majani ya mihogo. "Nikipika sombe, inanuka konokono. Nikipika chai, inanuka konokono. Batoto bangu bakule nini, Mama Orpa? Bakule ziwa?"

"Kama chai yako inanuka, sugua sufuria," mama yangu akajibu. Hakuinua hata macho kwenye ungo wa maharage.

"Sufuria yangu? Yangu miye Apolline?"

"Hakuna mwengine mwenye alitaja sufuria hapa."

Watoto wakaangua kicheko. Walikuwa kumi na mmoja siku ile, wamekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yetu, na mimi katikati yao na msumari wa moto, natoboa magamba ya mapambo ya sherehe yetu ijayo. Wadogo walikuwa wanachambua: magamba ya konokono wa ziwa letu la Nakivale upande huu, makombe ya bahari upande ule. Wakubwa wanatunga kwenye uzi wa nailoni wa wavuvi. Wale wa katikati, ambao hawawezi kutunga wala hawataki kuchambua, niliwapa chupa za rangi ya kucha wapake nakshi. Pembeni, jikoni, sufuria kubwa ilikuwa inachemsha konokono ili nyama itoke. Kusema kweli, Mama Olga hakuwa anadanganya. Zilikuwa zinanuka. Lakini ukishapendwa na watoto kumi na mmoja, pua inazoea.

"Cheka, cheka," Mama Olga akasema. "Na hii uchafu yote ni juu ya nani? Ni juu ya yule Muislamu wa Mbarara. Mwaka muzima anakuja hapa na pikipiki, na weye, Madeleine, hujamupa hata kikombe ya maji. Bantu banakusema kijiji kizima. Banasema uko muchoyo."

Hapo mama akaweka ungo chini. Maneno mengine yote angeyaacha yapite, lakini uchoyo, hapana.

"Apolline, sikia. Weye ulikulia mu mji, hawakukufundisha. Kwetu, mwanaume mwenye amekuja juu ya binti, hakuli kwa mama mukwe mbele ngombe ya mahari haijaingia. Hata maji. Mwenye ninamupa chakula ni mugeni. Mugeni anakula, anasema aksanti, anaenda. Mahadi simupi kitu juu ni mukwe wangu. Umesikia? Mukwe! Na Jumamosi hii imepita, alimuonesha Orpa kwa mama yake, kule kwao Kamukuzi, mu Mbarara, mbele ya bantu bote. Muulize mwenyewe, si huyu hapa."

Msumari ukanitoka kwenye gamba ukaingia kwenye kidole gumba.

Mama Olga akaniangalia. Nilitamani acheke, maana kicheko chake nakijua, kinapita haraka kama mvua ya Rugaaga. Hakucheka. Sauti yake ikashuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

"Alimuonesha?" akauliza. "Olga! Kuja hapa."

"Mama, tafadhali," Olga akasema kutoka mkekani. Alikuwa na miaka kumi na tano, ananiita tantini, yaani shangazi, na ndiye niliyekwenda naye Mbarara kutundika mapambo.

"Sema mbele ya Mama Orpa ile uliniambia."

"Mama..."

"Sema!"

Olga akainamisha kichwa mpaka shanga zake za konokono zikagusa mkeka. "Hajati, mama ya Mahadi, aliuliza, huyu ni nani. Mahadi akasema, ni mtu wa mapambo. Wa kambini." Akakunja ncha ya uzi. "Halafu Hajati akasema, wapeni chakula huko nyuma, wafanyakazi wasiende na njaa. Tukakula nyuma ya jiko, mimi na tantini Orpa. Tantini hakukula."

Wakubwa wakaacha kutunga. Hata wale wa rangi ya kucha waliacha kupaka.

Mama yangu hakunitazama. Aliuchukua ungo wake akasimama, akaingia ndani, na maharage mawili matatu yakaanguka kizingitini. Mama hamwagi maharage.

"Sikutaka kumuumiza," Mama Olga akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na mihogo. "Ilikuwa tu harufu."

*

Ndugu msomaji, mapenzi yangu na Mahadi yalianzia kwenye viti.

Mimi ndiye niliyekuwa napanga mafete, sherehe za vijana, pale kwetu. Hakuna aliyenituma. Nilifika Kabazana, katika kambi yetu ya wakimbizi, mwaka 2008 na mama na bahasha ya picha, na nilipoona vijana wanakaa tu wakiutazama mwaka unapita, nikasema, hapana, hawa wanahitaji kitu cha kusubiri. Kila fete ikawa na mtindo wake. Tulifanya fete ya rangi ya njano. Pasaka tukafanya ya nguo za wazazi: kila msichana aje na kitenge cha mama yake, kila kijana na koti la baba yake. Wale ambao mama alibaki kule kwenye udongo wa Kivu, waliazima kwa majirani, na hakuna aliyewauliza. Mama Olga peke yake alivalisha wasichana wanne. Ndivyo alivyo, mdomo pilipili, sanduku wazi.

Mahadi alikuwa na duka la kukodisha mahema na viti Mbarara. Alileta viti kwenye harusi moja kanisani kwetu, akakuta nimetundika magamba ya konokono mlangoni. Akachukua moja, akaliweka sikioni, akanitazama. Macho yake yalikuwa na ile tabia ya kutulia mahali pamoja, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Hii inasema nini?" akauliza.

"Inasema, rudisha ulipoitoa."

Akacheka mpaka vijana wake wa kupanga viti wakageuka. Mwezi uliofuata akarudi bila viti. Alikuwa amebeba nusu gunia la makombe ya bahari, kaka yake mwenye lori aliyatoa Mombasa. "Hizi zimetoka mbali kama wewe," akasema. Nilijifanya nahesabu makombe, kumbe nilikuwa nasubiri uso upoe.

Siku moja tukiwa njiani, njaa imemshika, akaniuliza kwa uchungu kidogo, "Orpa, mama yako ananichukia? Mwaka yote, hata chai! Ama anaogopa mimi siwezi kula nyama yenu?"

Nikamweleza ile desturi. Nikamwambia, "Ombea akunyime hivyo hivyo. Siku utakayoitwa ule kabla ya ng'ombe, geuza pikipiki yako, mambo yamekwisha."

"Kale, sawa," akasema, macho yanacheka. "Basi mimi nitakaa na njaa ya mama Orpa mpaka siku ya ndoa."

Nilimpenda kwa neno lile. Mpaka leo sijui nilifute wapi.

Kisha dada yake Sumayah akakaribia kutimiza miaka kumi na sita, akataka fete ya mtindo wa bahari. Mahadi akaja mbio. "Hii ndio siku," akaniambia. "Wewe utengeneze, Mama aone kazi ya mikono yako, halafu mimi nasimama nasema: huyu ndiye. Mama yangu hawezi kataa kitu amesifu mbele ya watu."

Tulifanya kazi wiki tano. Hakuna hata mtoto mmoja kati yao aliyewahi kuona bahari. Nikawauliza, chini ya bahari kuna nini? Mmoja akasema kuna ziwa jingine. Mwingine akasema kuna samaki wanaosinzia. Tukatunga nyuzi arobaini, kombe la bahari, gamba la Nakivale, kombe la bahari, gamba la Nakivale, mpaka likawa pazia la kufunika mlango mpana. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Nilitaka mtu akipita pale asiweze kusema hili limetoka wapi na lile limetoka wapi. Mama akanishonea vitenge vya siku ya kuoneshwa, akakaa siku mbili kwenye cherehani ya kanisa, akiimba.

Jumamosi ile Kamukuzi ilikuwa na jua zuri. Tulitandaza mchanga wa ziwa kwenye mabeseni, tukatundika nyavu na vitambaa vya buluu, na wasichana wa shule wakaingia wanapiga kelele kama ndege. Hajati Madinah akapita kwenye pazia, likalia kama maji. Akalishika kwa vidole viwili. "Masha Allah. Nani ametengeneza hii?" Nikasogea. Mahadi alikuwa hapo, na baba yake mdogo Muzamiru, na shangazi zake wawili. "Na huyu ni nani?"

Mahadi akamtazama Muzamiru. Akawatazama shangazi. Akanitazama mimi, mara moja, haraka, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa.

Yaliyofuata umeshayasikia kwa Olga.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, "Amenionesha. Hajati amefurahi." Mama alipiga vigelegele peke yake jikoni. Siku mbili nzima niliuacha uongo ule ulale ndani ya nyumba yetu, ule, unywe.

*

Nilikuwa bado nanyonya damu kidoleni tuliposikia pikipiki. Watoto wakajua kabla yangu. "Mahadi! Mahadi!" Halafu wakakumbuka, wakanyamaza mmoja mmoja.

Alishuka na boksi la keki. "Nimewaletea," akasema. "Hii ni ile ya Sumayah, ya sura ya samaki, mkia imebaki." Hakuna mtoto aliyeinuka. Akaliweka boksi kwenye kiti cha pikipiki, akanikaribia. "Kuna nini hapa? Mtu amekufa?"

"Kaa mbali kidogo, Mahadi."

"Wewe bado na hasira. Simu zangu hushiki."

"Hasira ni ya watu wanaojuana. Mimi ni mtu wa mapambo."

Akafumba macho. "Banange, jamani. Orpa, sikiliza. Mimi nilikuwa nataka kusema. Wallahi nilikuwa nataka. Mdomo ilikataa. Mzee Muzamiru alikuwa ananiangalia, na wale shangazi, wewe huwajui, hawa wanaweza haribu sherehe ya mtoto. Ningesema pale, Sumayah angelia siku yake."

"Kwa hiyo nikalia mimi."

"Uliila?" akauliza ghafla. "Ile chakula?"

"Unauliza kama nilishiba?"

"Nauliza kama... hapana. Nisamehe." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mama ameipenda pazia. Kila siku anaishika. Anataka ingine, ya binti wa shangazi. Anauliza, yule msichana wa makombe ataweza?"

"Anataka pazia. Mikono iliyolitunga hajaitaka."

"Ataitaka! Polepole. Mimi namjua Mama. Wewe tengeneza hii ya pili, azoee sura yako, azoee jina. Baada ya Iddi nitasema."

"Mwaka jana ulisema baada ya Iddi."

"Ile ilikuwa Iddi ingine."

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Nilimtazama: shati lake la buluu nililompigia pasi mimi mwenyewe, kovu dogo kwenye nyusi, ule ukimya wa macho. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na moyo ukawa mzito wa kunisaidia. Akaona damu. Akauchukua mkono wangu bila kuuliza, akakiinua kidole, akakipuliza, taratibu, kama wanavyowapuliza watoto. Mbele ya watoto kumi na mmoja na Mama Olga mzima nyuma ya mihogo.

"Orpa wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi siyo mtu mbaya."

"Najua."

"Nakupenda. Unajua?"

"Najua hiyo pia. Ndiyo inayoniua."

Nikasikia mwili wangu unaegemea. Nusu hatua tu, na ningekuwa nimesema, haya, baada ya Iddi. Ningetunga nyuzi nyingine arobaini. Ningekula nyuma ya jiko la shangazi, na la binti wa shangazi, mpaka nywele ziwe nyeupe. Nikautoa mkono wangu.

"Mahadi, nakuomba kitu kimoja. Si ng'ombe, si pete. Toa simu. Mpigie mama yako sasa hivi, mwambie: yule wa makombe anaitwa Orpa, na ni mchumba wangu. Basi. Akikasirika, akasirike. Akikata, akate. Dini, ukoo, kambi, hayo yote tutayabeba wawili. Lakini mimi siwezi kubeba nikiwa sina jina."

Akatoa simu. Nilisikia watoto wanavuta pumzi. Akabonyeza, akatafuta, nikaliona neno MAMA kwenye kioo kidogo, na kidole chake juu yake kikisita kama nzi juu ya ukingo wa kikombe.

Kidole kikarudi nyuma.

"Network hapa iko chini," akasema.

Na hapo hapo, nyuma ya mihogo, simu ya Mama Olga ikaanza kulia, ule wimbo wake wa kwaya, kwa nguvu yote. Akahangaika kuizima, akabonyeza pasipo penyewe, ikashika. "Allo?" tukasikia akinong'ona. "Eeh... ninakusikia. Ninakusikia muzuri sana."

Mahadi akarudisha simu mfukoni. Hakuna lililobaki la kusema kuhusu network.

Mama yangu alitoka ndani. Alikuwa amevaa kile kitenge chake cha kanisani, sijui alikivaa saa ngapi. Mkono mmoja jagi la maji, mkono mwingine beseni. Alivipanga mlangoni juu ya kigoda, akanyoosha kitambaa cha kujifutia, akageuka kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa nzima.

"Orpa," akasema, "chakula kimeiva. Ni samaki ya ziwa, hakuna haramu. Miye sitasema kitu. Mukwe alikuwa wangu, lakini mwanaume alikuwa wako."

Akaingia ndani.

Mahadi aliliona beseni. Nilimwona akilielewa polepole, kuanzia machoni, kushuka mabegani, mpaka kwenye mikono ambayo ghafla haikuwa na pa kwenda.

"Orpa," akasema. "Mimi sina njaa."

"Ulitoka Mbarara asubuhi."

"Nimekula njiani, Rugaaga. Haki ya Mungu, nimeshiba. Orpa, wacha nikae na njaa yangu. Wewe ulisema... unakumbuka? Wewe mwenyewe ulisema."

"Nakumbuka."

"Basi usiseme ingine."

Olga alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye uzi wake. Mtoto mdogo kuliko wote, ambaye hajui chochote cha ng'ombe wala cha wakwe, alinyanyua kombe la bahari akampa Mahadi, kubwa, jeupe, limepakwa nukta za rangi ya kucha. Mahadi akalipokea. Hakuliweka sikioni.

Nilitembea mpaka mlangoni. Siku ile zilikuwa hatua saba. Siku nyingine ni tano. Nikalinyanyua jagi, na lilikuwa zito, mama alilijaza mpaka juu kama anavyolijaza wanapokuja watu wa mbali. Nikakumbuka sahani ya plastiki nyuma ya jiko la Kamukuzi, na mkono ulioisukuma kwangu bila kunitazama usoni. Nikasema moyoni, hapana, sisi hatutafanya hivyo. Yeye atakaa mezani. Atapewa sahani ya maua, ile ya wageni.

"Karibu ndani, Mahadi," nikamwambia, nikainamisha jagi juu ya beseni, maji yakaanza kutoka. "Nawa mikono. Ingia ule."